Barafu Niliyoshuka na Baba

Kazi yangu ni kutunza mitambo ya baridi. Katika ghala la vyakula ninakofanya kazi, hapa Buffalo, kuna mabomba yanayopitisha amonia, na mara chache, vali inapolegea, harufu yake hutoka kidogo kabla king'ora hakijalia. Aliyewahi kuinusa hawezi kuichanganya na kitu kingine. Inachoma pua, inatoa machozi, na inafanana na choo cha shimo wakati wa jua kali. Majira haya ya baridi, wiki chache baada ya kumzika baba yangu, niliinusa nikiwa nimepiga magoti chini ya bomba, spana mkononi. Nilikaza nati, nikasubiri hewa isafike, kisha nikaendelea kukaa pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mwenzangu wa zamu aliniuliza kama gesi imenidhuru. Nikamwambia hapana.

Mara ya kwanza kuinusa harufu hiyo nilikuwa mtoto, nimevaa koti jipya, nimekaa nyuma ya pikapu iliyokuwa ikitupandisha mlimani. Kando ya barabara kulikuwa na jengo la mitambo, na kutoka pale hadi kileleni ulionekana mfereji mrefu wa barafu ukijikunja katikati ya misonobari. Niliutazama mfereji, nikavuta harufu, nikafikia uamuzi kwamba wazungu hutengeneza barafu yao kwa mkojo. Sikushangaa sana. Katika miezi ile nilikuwa nimeona mambo mengi ambayo hakuna aliyenieleza, na nilikuwa nimezoea kujieleza mwenyewe. Mengi nilijieleza vibaya.

Baba alitoka kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alichukuliwa Marekani peke yake, kwa ahadi kwamba sisi wengine tungefuata. Mama akangoja. Alilima kidogo, akachota maji, akapanga foleni ya mgao, na katika yote hayo alikuwa anangoja, mpaka homa ikamchukua. Nililelewa na bibi, mama yake mama, na bibi alipofariki nikawa wa mama mdogo Yudita. Zamu ya mama mdogo ilipofika tuliletwa Louisville. Nilikuwa nimemaliza darasa la tano.

Katika nyumba ya mama mdogo tulilala watoto watatu kitanda kimoja, na sikujua upweke ni nini. Siku moja baba alifika kutoka Columbus na mfuko wa machungwa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu anayefanya kazi usiku. Mama mdogo akanisukuma mbele, akasema, "Msalimie baba yako."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

Maneno yetu yakaishia hapo. Baada ya wiki akarudi kunichukua.

Alikaa Whitehall, nje kidogo ya Columbus, katika majengo ya ghorofa mbili yaliyozungukwa na maegesho ya magari. Ukitaka kwenda popote, hata kununua chumvi, lazima uwe na gari, na hatukuwa nalo. Baba alifanya kazi usiku katika ghala, akalala mchana. Kwa hiyo nilijifunza kutembea kwa ncha za vidole. Nilijifunza kutazama televisheni bila sauti, nikiwawekea watu wa mle ndani maneno ya Kiswahili. Nilijua nyumba ile kwa milio yake: jokofu lilivyoguna, mabomba ya joto yalivyogonga kama mtu aliyefungiwa ukutani, pumzi za baba nyuma ya mlango. Alipoamka alipika, akaniachia sahani iliyofunikwa sahani nyingine, akaondoka. Nikimaliza chakula, alijua nimekipenda, na kesho yake alipika hichohicho. Nikibakiza, hakuuliza. Hivyo ndivyo tulivyozungumza.

Kabla theluji ya kwanza haijaanguka, rafiki yake alimwita Buffalo kwenye kiwanda cha soseji. Tukahamia chumba kimoja cha ghorofani, nyuma ya Grant Street, chenye pazia katikati: upande wake na upande wangu. Rafiki huyo alikuwa Mkongo wa Uvira, Papa Ezekieli, mtu mnene, mcheshi, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, aliyetangulia kufika na aliyejua kila kitu, au alisema anajua. Jumapili baada ya kanisa tulikula kwake, na pale ndipo niliposikia sauti za watu wakiongea wakati wa chakula.

"Mutoto, niongeze?" aliniuliza siku ya kwanza, kijiko kikiwa juu ya sufuria.

"Ni wewe unayejua," nikajibu.

"Unashiba ao hushibe?"

"Ni wewe unayejua, Papa."

Akamgeukia baba. "Stefano, huyu mutoto wako, donc, ata nyumba ikiwaka moto, ukimuuliza 'tutoke?', atasema 'ni weye unajua'."

Mezani wakacheka. Baba alitabasamu kwa mdomo uliofungwa, na mimi nilijivuna kimyakimya, maana jibu hilo nilifundishwa na bibi na nilijua ni jibu jema. Mtoto anayesema "nataka" ni mtoto aliyekosa mtu wa kumlea. Mkubwa akikuuliza unapenda nini, anakupima. Mrudishie swali lake, naye atajua ulikotoka ni nyumba ya watu. Kambini majirani walimsifu bibi kwa sababu ya jibu langu hilo. Sikujua jibu lingine.

Mwisho wa mwaka kiwanda kiliwachezesha wafanyakazi bahati nasibu. Wengi walipata bata mzinga waliogandishwa. Baba alipata tiketi mbili za kushuka kwa sleji kwenye mlima wa kaskazini, mahali ambapo mataifa yaliwahi kushindana michezo ya theluji. Naita sleji kwa sababu Kiswahili hakijapata haja ya kukipa chombo hiki jina lake. Ni kama mtumbwi mfupi wa chuma uliowekwa juu ya vyuma vinne vilivyochongwa kama visu, na hushushwa katika mfereji wa barafu uliojengwa mlimani. Mbele hukaa dereva, nyuma mshika breki, na katikati wageni, ambao hawana kazi yoyote isipokuwa kushika na kunyamaza.

Papa Ezekieli alizisoma tiketi zile mbele na nyuma.

"Benzako balipata dinde, weye balikupatia kifo," akasema. "Na iko mbali. Donc, utalipa na essence ya gari ya kwenda kufa?"

"Zawadi haikataliwi," baba akasema.

"Ukipewa nyoka?"

"Unasema asante, kisha unamwachia porini."

"Basi achia hii."

Baba akazikunja tiketi, akazitia mfukoni mwa shati. Nilidhani habari imekwisha. Lakini wiki hiyo nilimsikia upande wa pili wa pazia akiongea kwa simu na mama mdogo Yudita. Alikuwa akisikiliza zaidi kuliko kusema. Mwisho akasema, "Hapana, dada. Hawezi kusafiri peke yake. Nitamleta mwenyewe, majani yakianza kuota." Jumamosi iliyofuata alinipeleka dukani, akaninunulia koti la buluu lenye kofia ya manyoya, glavu, na buti za mpira zenye sufu ndani. Usiku alipika nyama ya mbuzi.

Kambini nguo mpya ilikuwa na maana moja. Familia ikishaitwa kwenda ng'ambo, siku chache kabla ungewaona watoto wao na viatu vipya, na jioni nyumba yao inanukia nyama. Sisi tuliobaki tulijua bila kuambiwa: anayevishwa ndiye anayeondoka. Nilikula nyama ile huku nikiunganisha mambo, koti na simu na mbuzi, na nikaona yanafungana vizuri kabisa. Baba amenijaribu, ameniona sifai, ananirudisha Louisville. Ule mlima ulikuwa ni kwaheri.

Nisingeweza kusema kwamba nilimpenda. Sikumjua. Lakini nilikuwa nimeanza kuzoea kikohozi chake cha alfajiri, alivyovua viatu mlangoni taratibu akidhani nimelala, na alivyokaa kitandani kwake dakika kadhaa bila kuwasha taa. Nilikuwa tayari nimeachwa na mama na bibi, wote kwa sababu zisizokuwa na lawama, na sikutaka wa tatu awe mtu ambaye hata hajafa. Kwa hiyo niliamua kwamba mlimani sitalia, sitapiga kelele, sitaonyesha woga. Pengine akiniona mwanamume angebadili mawazo.

Tulikwenda kwa gari la Papa Ezekieli, kwa kuwa la baba, ambalo alikuwa amelinunua karibuni, halikuaminika kwa safari ya mbali. Njia nzima Papa Ezekieli aliongea. Alituhadithia juu ya binamu yake aliyeanguka kutoka kwenye mnazi na hakufa, halafu akafa kwa kuteleza bafuni. Tulipofika akaegesha mwisho wa mfereji, mahali sleji zinaposimama, akatoa chupa yake ya chai.

"Bon, miye nabakia hapa," akasema. "Mutu mumoja anapashwa kubakia, wa kupeleka habari."

Walitupa kofia ngumu. Yangu ilikuwa na unyevu ndani, wa jasho la mtu aliyenitangulia, na sifongo yake ilinibana mashavu mpaka nikashindwa kufunga mdomo sawasawa. Kisha pikapu, jengo la mitambo, harufu ile, na kilele. Juu kulikuwa kimya. Theluji ilikuwa imelemea matawi, na upepo ulipopita ilidondoka bila mlio. Kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu, mshika breki, alitupanga ndani ya sleji. Aliniweka mbele, nyuma tu ya dereva, kisha akamweka baba nyuma yangu. Chombo ni chembamba. Mtu wa nyuma hana pa kuweka miguu isipokuwa kumzunguka wa mbele, kwa hiyo magoti ya baba yalikuja pande zangu zote mbili, na kifua chake kikagusa mgongo wangu. Nilikakamaa. Hatukuwa tumewahi kugusana zaidi ya kupeana mkono. Nilihisi naye amekakamaa, akijitahidi kurudi nyuma ambako hakukuwa na nyuma.

Kijana alituonyesha vishikio vya waya vilivyo ndani, kulia na kushoto. Alisema, na nilielewa Kiingereza chake kuliko baba: shikeni hapa, msiachie, mikono ibaki ndani. Nikamfasiria baba. Baba akasema, "Nimesikia." Wakatusukuma.

Mwanzoni ulikuwa mwendo wa toroli. Nilipata muda wa kufikiri kwamba si kitu. Kisha kona ya kwanza ikatupandisha ukutani, na kelele zikaanza. Watu hudhani barafu ni laini. Ndani ya sleji ni kama kuburutwa juu ya mabati yaliyojaa kokoto, na meno yangu yaligongana, na kuta nyeupe zilikuwa hazipiti tena bali zinamwagika. Kwenye kona kubwa kichwa changu kikawa kizito ghafla, kikashuka kuelekea magotini kana kwamba mtu ameweka mkono juu yake. Leo ninaweza kueleza nguvu hiyo kwa kalamu na karatasi. Nilijisomea mpaka nikaielewa. Siku ile nilikuwa na elimu moja tu iliyofaa. Nilikuwa nimebeba maji kichwani tangu nikiwa mdogo, na shingo yangu ilijua la kufanya. Nilijinyoosha kama ninayepanda kutoka bombani na ndoo imejaa. Kichwa kikainuka. Sikulia.

Hapo ndipo mikono ya baba ilipoachia waya. Niliiona ikija mbele yangu, glavu nyeusi za kiwandani, ikanizunguka kifuani, ikafungana. Alinibana kwa nguvu hadi pumzi ikakatika. Kwa kuwa hakuwa ameshika chochote kingine, kila kona ilimtupa ubavuni mwa chombo, na kila alipogonga nilisikia mlio mfupi ukimtoka puani, lakini mikono haikulegea. Alikuwa anasema kitu karibu na kofia yangu, kitu kilekile tena na tena. Sikukisikia.

Nilidhani ameogopa. Nilidhani amenishika kama mtu anayezama anavyoshika gogo, na nilimwonea aibu kidogo, na kwa upande mwingine nilifurahi, kwa sababu kati yetu wawili mimi ndiye niliyekuwa nimetulia. Labda angeliona hilo. Kisha breki zikauma, barafu iliyosagika ikaturukia usoni, na ikaisha. Ilikuwa fupi kuliko sala ya chakula.

Kijana wa ndevu alishuka akiwa amekasirika. Alimwuliza baba kwa nini ameachia, akamwambia angeweza kuvunjika. Baba alisema samahani bwana, samahani bwana, kwa Kiingereza chake kichache, huku mkono wake wa kushoto ukining'inia. Hakuweza kuuinua kufungua kamba ya kofia. Nilimfungulia mimi. Uso uliotoka mle ndani sikuwa nimewahi kuuona: ulikuwa umelowa, na unacheka. Baba yangu alikuwa anacheka kwa sauti, kama mtu mwingine.

"Banaume," Papa Ezekieli akasema, akitukabidhi vikombe. "Nilikuwa nawaza namna gani nitasema ku kanisa. Nimeshapanga ata nyimbo."

"Umepoteza kazi," baba akamjibu.

Furaha hiyo ilinitisha kuliko mfereji. Nilijiambia: anafurahi kwa kuwa imekwisha, sasa atanirudisha kwa moyo mweupe.

Tulirudi gizani, baba mbele na Papa Ezekieli, mimi nyuma. Theluji nyembamba ilikuwa inakuja moja kwa moja kwenye taa. Baba alikuwa ameuweka mkono wake mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Nilikuwa nimeshikilia swali tangu Jumamosi, na nikaona afadhali nijue hata sehemu yake ndogo.

"Baba," nikasema. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila kusukumwa. "Nikirudi Louisville, koti nitabaki nalo?"

Papa Ezekieli alikuwa katikati ya hadithi. Akapunguza mwendo. Vifuta kioo vikaenda na kurudi.

"Koti ni lako," baba akasema.

Tukaenda mbali kidogo. Kisha, bila kugeuka, kwa sauti niliyokuja kuielewa nilipopata watoto wangu, akauliza, "Unataka kurudi?"

Mtoto aliyelelewa akaulizwa swali. Mtoto aliyelelewa akajibu.

"Ni wewe unayejua, Baba."

Nilingoja Papa Ezekieli acheke. Safari hii hakucheka. Aliinama mbele, akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja, ingawa hapakuwa na ukungu.

Majani yalipoanza kuota tulikwenda Louisville kwa gari la baba. Njiani ndipo aliponiambia tunachokwenda kufanya: kuondoa matanga ya mama. Kwetu Burundi tunaita kuganduka. Mtu akifa, kilio cha kwanza hufanywa siku za mazishi, lakini cha mwisho huweza kungoja mwaka au zaidi, mpaka wahusika wakutane. Cha mama kilikuwa kimengoja miaka, kwa sababu mume wake hakuwepo. Ndiyo simu ile. Ndiyo "nitamleta mwenyewe". Nilisikiliza, nikaelewa, lakini sikuona kama hilo linabadili chochote, maana siku hiyohiyo ya kuondoa matanga ndiyo ukoo husema hadharani mambo ya marehemu yaende wapi: shamba, nguo, na mtoto.

Sebule ya mama mdogo ilijaa. Waliimba, wakasali, wakala wali na maharage na ndizi. Kisha mume wa mama mdogo, ambaye ndiye aliyeongoza, akasimama na chupa ya Fanta mkononi badala ya pombe ya mtama.

"Dada yetu hakuacha shamba," akasema. "Hakuacha ng'ombe. Ameacha huyu. Shemeji Stefano, tunakusikiliza. Mtoto atakaa wapi?"

Baba alisimama. Alikuwa amevaa suti ya kuazima. Alilitazama zulia, akasema, "Naomba mtoto aseme mwenyewe."

Watu wakaguna. Haikuwa desturi. Mama mdogo akasema, "Shemeji, huyo ni mtoto."

"Najua. Naomba aseme."

Nikasimama. Macho yote ya sebule ile yalikuwa juu yangu, macho ya watu waliomjua bibi. Nilijua ninachotaka. Nilitaka kile chumba cha pazia, na kile kikohozi. Neno lilikuwepo, lilikuwa fupi, na nilimtazama baba nikitumaini atalisema yeye ili mimi nisilazimike kuwa mtoto anayesema "nataka" kwenye kilio cha mama yake. Naye alikuwa ananitazama. Sasa ninafikiri tulikuwa tunatazamana kwa ombi lilelile.

"Ni nyinyi wakubwa mnaojua," nikasema.

Sebule ikashusha pumzi. Mzee mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. "Huyu amelelewa," mwanamke akasema nyuma yangu. "Bibi yake alikuwa mtu." Walinipongeza mpaka nikaona haya.

Baba akangoja makofi yaishe. "Basi abaki hapa," akasema. "Hapa amezoea. Kuna wenzake."

Nilikaa Louisville mpaka nikawa mtu mzima. Alipiga simu kila Jumapili, akaleta vitu kila Krismasi, na nilipohamia Buffalo kwa ajili ya kazi tuliishi mitaa michache mbali, tukaheshimiana sana. Hatukuizungumza siku ile hata mara moja. Mwezi uliopita, kwenye kilio chake, Papa Ezekieli, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, aliniambia bila kuulizwa kwamba kabla ya safari ile ya Louisville baba alikuwa ameshapanga nyumba ya vyumba viwili karibu na shule yangu. Alikuwa amenunua kitanda cha pili. "Miye njo nilimusaidia kukipandisha," akasema. "Balikaa mwaka muzima, yeye na kitanda."

Tangu hapo nimekuwa nikiirudia asubuhi ile ya kuondoka kwake Louisville, na kila nikiirudia naiona ilivyokuwa, si kama nilivyoiona. Ilikuwa Jumapili, jua limetoka, wengine walikuwa bado wanavaa kwenda kanisani. Tulipeana mkono uani. Mkoba wangu alikuwa ameshaushusha. Aliingia garini, akatoka. Akafungua boneti, akapima oili, akaifuta fimbo ya kupimia kwa kitambaa taratibu sana, akapima tena. Akazunguka akipiga kila gurudumu kwa buti. Akajaza maji ya vioo, ambayo yalikuwa yamejaa, yakamwagika. Akafuta. Akafunga boneti, akaegemea juu yake kwa mikono miwili, akanitazama, akasema, "Haya." Nikajibu, "Haya." Akafungua boneti tena.

Nilidhani gari lina kasoro. Nilisimama kando, mikono nyuma, adabu zote mahali pake, nikamwombea moyoni lisimharibikie njiani.

Hatimaye akaondoka. Mwisho wa mtaa kulikuwa na alama ya kusimama. Akasimama. Njia ilikuwa tupu pande zote, hapakuwa na gari lolote la kungojewa, na taa zake nyekundu ziliendelea kuwaka. Nilimwona ananitazama kwenye kioo. Nikaona pengine ananingojea mimi nimalize kuaga, kwa kuwa mkubwa haondoki kabla hajaagwa vizuri. Nikainua mkono juu kabisa nikampungia, ili ajue anaweza kwenda.